Hodi ya simu: yaliyompata mama mdogo, na milango tunayoifunga sasa

Alasiri moja ya mwezi wa Ramadhani, hapa Wete, Pemba, mama mdogo alikuwa ameketi kwenye mbuzi akikuna nazi ya futari, simu yake iko juu ya mkeka kando ya sinia. Mimi nilikuwa barazani, hatua chache kutoka alipo, nikisahihisha madaftari ya skuli. Simu ikatoa mlio, akafuta mikono kwa ncha ya kanga, akaichukua. Ujumbe ulitoka kwa mwenzake wa kikundi cha kuweka na kukopa, mwanamke waliyejuana tangu usichana wao: "Assalaamu alaykum dada yangu. Samahani, kuna tarakimu sita nimezituma kwako kwa makosa. Naomba unirejeshee, nina haraka kidogo." Haukupita muda, ujumbe mfupi wa kawaida ukaingia, umeandikwa kwa Kiingereza, na ndani yake mna tarakimu sita. Mama mdogo hasomi Kiingereza, lakini tarakimu anazisoma vyema. Akazibonyeza moja moja, akizitaja kwa sauti ili asikosee, akazituma, akaongeza na dua ya saumu njema, kisha akarejea kwenye nazi yake. Nilizisikia zote sita. Sikuinua kichwa.

Kabla adhana ya magharibi haijasomwa, WhatsApp yake ilikuwa imeshamtoa nje. Tulipokuwa tunafuturu zikaanza kuingia simu za kawaida: jirani anauliza ni mtoto gani aliyelazwa, shemeji anauliza kama pesa zimefika, na mpwa wake aliye Muscat, ambaye alikuwa amemwomba rafiki yake wa Unguja atume kwa niaba yake, anataka kujua kwa nini jina lililotokea si la mtu wa ukoo wetu. Aliyeingia kwenye akaunti alikuwa amewaandikia watu wa makundi yote ya mama mdogo kwamba kuna mtoto amelazwa ghafla, zinahitajika shilingi 150,000, na zitarejeshwa asubuhi. Watu wanne walituma. Wanne hao si wajinga. Waliona juu ya ujumbe jina la mtu wanayemheshimu, wakafanya kile ambacho jamaa yeyote wa kisiwa hiki hukifanya akisikia mwenzake ana mgonjwa. Na yule mwanamke aliyeomba tarakimu, tulikuja kujua usiku kwamba naye alikuwa ameshanyang'anywa akaunti yake asubuhi ya siku hiyo hiyo kwa njia ile ile, na hakuwa na habari kabisa kwamba jina lake lilikuwa linapita nyumba kwa nyumba likibisha hodi.

Naandika haya kwa sababu tangu siku ile nimezungumza na watu wengi kuhusu usalama wa simu janja, na karibu kila mmoja hufikiria kijana fundi wa kompyuta aliye ng'ambo, anayepenya kwenye simu kwa maarifa yasiyoelezeka. Wapo watu wa namna hiyo, na nitawagusa mbele. Lakini kilichomtoa mama mdogo kwenye akaunti yake hakikuhitaji maarifa hayo. Kilihitaji ujue salamu zetu, ujue kwamba sisi hatumwachi mtu aliyeomba kwa adabu bila ya kumjibu, na ujue kwamba alasiri ya Ramadhani mikono ya mwanamke imejaa kazi.

Kwanza tuelewe zile tarakimu sita ni kitu gani. WhatsApp haikutambui kwa sura wala kwa jina. Inakutambua kwa nambari ya simu. Mtu yeyote duniani anaweza kuweka programu hiyo kwenye simu yake, akaandika nambari yako, na kudai kwamba yeye ni wewe. WhatsApp humjibu: kama ni wewe kweli, nitajie tarakimu nilizozituma sasa hivi kwenye laini hiyo. Laini iko kwako, tarakimu zinakuja kwako, na mlango unabaki umefungwa mpaka wewe mwenyewe uzitoe. Kwa hiyo tarakimu hizo haziwezi kuwa zimetumwa kwako "kwa makosa" na rafiki yako. Hakuna rafiki anayezituma. Hutumwa na mashine, na hutumwa kwa sababu kuna mtu ameandika nambari yako mahali fulani wakati huo huo unaposoma ujumbe. Ukiziona zimeingia na wewe hukuomba chochote, jua kwamba kuna mtu yuko mlangoni.

Habari njema ni kwamba mwizi wa namna hii hapati mazungumzo yako ya zamani, maana hayo yamo ndani ya simu yako. Habari mbaya ni kwamba makundi anayakuta, na kila ujumbe mpya unaoingia unakuwa wake. Dawa ya kwanza ni kufungua tena WhatsApp kwenye simu yako, kuomba tarakimu upya na kuziingiza, kwa sababu akaunti haikai kwenye simu kuu mbili: ukiingia wewe, yeye hutoka. Sisi tulichelewa, kwa kuwa mwizi alikuwa amekwisha kuomba tarakimu mara nyingi na mfumo ukatuambia tusubiri saa kadhaa. Tulipofanikiwa kuziingiza, tukakuta ameshaweka nambari yake ya siri ya hatua ya pili. Tarakimu zetu zilimtoa yeye, lakini bila ya nambari yake ya siri ilitupasa tusubiri siku saba ndipo mama mdogo aingie. Nyingi kati ya siku saba hizo tulizitumia kupiga simu na kupita kwa miguu, mimi kwa wazazi wa skuli na yeye kwa wenzake wa kikundi, kuwaambia kwamba aliyewaandikia siye.

Nambari ile ya siri ambayo mwizi alitufungia nayo ndiyo tuliyopaswa kuwa nayo sisi kabla yake. Ipo tangu mwaka 2017. Inawekwa kwenye mipangilio ya WhatsApp, sehemu ya akaunti, penye uthibitishaji wa hatua mbili, na kazi yote haizidi dakika mbili. Ukishaiweka, hata ukizitoa tarakimu sita kwa bahati mbaya, anayezipokea atakwama kwenye hatua inayofuata. Nimewawekea watu wa nyumba yetu wote, na nimewaandikia kwenye karatasi inayokaa ndani ya kabati pamoja na vyeti vya kuzaliwa, maana nambari ya siri isiyokumbukwa nayo ni balaa nyingine. Humo humo ndani ya WhatsApp, tazama vifaa vilivyounganishwa: ukiona kompyuta au simu usiyoijua, iondoe. Wapo walionyang'anywa kwa njia hiyo, mtu wa karibu akichukua simu kwa dakika moja tu na kuiunganisha na kifaa chake, na baada ya hapo akawa anasoma kila kitu bila ya mwenyewe kutolewa nje wala kushtuka.

Sasa nirudi kwenye adabu, kwa sababu hapo ndipo ninapoona shida yetu ilipo. Mama mdogo aliniambia baadaye kwamba moyo wake ulisita kidogo. Alijiuliza tarakimu za nini, lakini akaona haya kumuuliza mwenzake aliyesema ana haraka. Nimewasikia wengine wakisimulia vivyo hivyo kuhusu simu za sauti: anayepiga anasema kwa upole kwamba ametoka kampuni ya simu, anakuita mama au mzee wangu, anakutakia heri, anazungumza bila ya kupumua, na wewe unaona vibaya kumkatia mtu simu akiwa katikati ya maneno. Matapeli wanaijua haya hiyo, na wanaitegemea kuliko wanavyotegemea programu yoyote.

Na hali adabu zetu wenyewe zinatupa ruhusa ya kukataa. Chuoni, yaani madrasa, tulifundishwa kwamba hodi hupigwa mara tatu, na asiyeitikiwa hurudi alikotoka bila ya kinyongo. Tulifundishwa pia kwamba mwenye nyumba akiuliza "nani?", haitoshi kujibu "mimi", mtu hutaja jina lake akajulikana. Hakuna mzee hapa Pemba anayeona ni ufidhuli kuuliza nani yuko nje kabla ya kuondoa komeo, na usiku hata mtoto wa nyumbani hujitambulisha. Basi simu ni mlango, na sauti ya ndani yake ni hodi. Jina linalotokea juu ya ujumbe linasema "mimi" tu. Halijatosha.

Nyumbani kwetu tumeweka taratibu tatu zinazotokana na hilo. Anayedai kutoka kampuni ya simu anaambiwa "ahsante, nitapiga mwenyewe", simu inakatwa, na ikiwa kweli kuna jambo tunapiga 100, ambayo ndiyo nambari ya huduma kwa wateja. Jamaa anayeomba pesa kwa maandishi anapigiwa simu ya sauti kwenye nambari yetu ya siku zote, hata kama ameandika kwamba simu yake imeharibika na hawezi kupokea, na hasa akiandika hivyo. Na ya tatu ni swali la nyumbani: tumekubaliana maswali machache ambayo majibu yake hayapo kwenye picha zetu wala kwenye kundi lolote, mfano kisima cha kwa bibi kilikuwa chini ya mti gani. Hili la tatu niliongeza kwa sababu siku hizi zipo programu zinazoiga sauti ya mtu kutokana na rekodi fupi, na sisi ni watu wa kutumiana ujumbe wa sauti asubuhi na jioni.

Jambo la pili ambalo sikuwahi kulifikiria kabla ya mkasa huu ni laini yenyewe. Tunazungumza juu ya kulinda simu, lakini simu ukiipoteza unanunua nyingine. Laini ndiyo inayobeba pesa, WhatsApp, barua pepe, na hata njia ya kurejesha nywila uliyoisahau. Tangu usajili wa alama za vidole uanze mwezi Mei 2019, na laini zisizosajiliwa zikaanza kufungwa Januari 2020, kila laini imefungamanishwa na mtu. Kwa hiyo kuna anayetaka laini yenye jina la mwingine, na njia nyepesi ya kuipata ni kidole chako mwenyewe. Unakwenda kwa anayesajili laini chini ya mwavuli, unaweka kidole, anakuambia hakijasoma, futa jasho, weka tena, na tena. Huenda ni kweli hakijasoma, maana vidole vya wachuma karafuu na wapasua dagaa husumbua mashine hizo. Huenda pia kila mguso umesajili laini moja, na wewe unaondoka na moja mkononi huku nyingine zikienda kutapeli watu kwa jina lako. Piga *106# kwenye simu yako uangalie laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Nilipofanya hivyo kwa mama mdogo tulikuta laini moja asiyoijua, tukaenda kwenye ofisi ya mtandao husika na kitambulisho chake, ikafungwa. Mpaka leo hatujui ilitumika kwa lipi.

Njia nyingine ni mtu kwenda kuirudisha laini yako kana kwamba yeye ndiye mwenyewe na ameipoteza. Akifanikiwa, simu yako hupoteza mtandao ghafla, na kwetu huku hilo linapita bila ya kutiliwa shaka, kwa kuwa umeme ukikatika na mnara ukizimika sote tunakosa mtandao na tunasubiri. Alama ya kuitambua ni hii: mwulize jirani anayetumia mtandao ule ule. Kama yeye anapata na wewe peke yako hupati, na hata kuzima na kuwasha simu hakusaidii, usingoje kesho. Azima simu, piga 100, uliza kama laini yako imerudishwa.

Mwizi wa mkononi naye ana yake. Simu ikiibiwa bandarini Mkoani au kwenye msongamano wa Darajani, hata kama kioo kimefungwa, anachofanya ni kuitoa laini na kuitia kwenye simu nyingine, kisha akaomba tarakimu za kila akaunti zikaja kwake. Kinachomzuia ni nambari ya siri ya laini yenyewe, ambayo wengi hatujawahi kuigusa. Inawekwa kwenye mipangilio ya usalama, nayo huulizwa kila simu inapowashwa au laini inapohamishwa. Lakini hapa uwe mwangalifu sana: ukikosea mara tatu laini hujifunga na kudai nambari ndefu ya tarakimu nane iliyochapishwa kwenye kadi ambayo laini ilikuja nayo, na ukikosea hiyo mara kumi laini imekufa. Usibahatishe nambari ya awali. Waulize kampuni yako ndipo uibadilishe. Na wakati uko kwenye mipangilio, zuia ujumbe usionekane juu ya kioo kilichofungwa, kwa sababu kuna faida gani ya kufunga kioo ikiwa tarakimu sita zinasomeka bila ya kukifungua?

Nitaje na hila moja ambayo nimeiona kwa macho yangu. Mwalimu mwenzangu alipigiwa simu akaambiwa bando lake la zawadi litaingia akibonyeza nyota, ishirini na moja, nyota, halafu nambari fulani na alama ya reli. Alikuwa ameshaanza kubonyeza nilipomshika mkono. Maneno hayo si ya bando: huwa yanaielekeza simu yako yote ya sauti iende kwa mtu mwingine, naye akaomba tarakimu za WhatsApp zitajwe kwa kupigiwa simu badala ya kuandikwa, akapigiwa yeye. Ukiwa na shaka kwamba uliwahi kubonyeza kitu cha namna hiyo, bonyeza ##002# kisha piga. Huondoa maelekezo yote yaliyowekwa. Na kwa jumla usibonyeze nyota kwa amri ya mtu usiyemjua, iwe ni zawadi, iwe ni uhakiki, iwe ni vitisho vya kufungiwa laini.

Kuhusu programu, nitasema kwa ukali kidogo kwa sababu wanafunzi wangu wananisoma. Zile WhatsApp zilizofanyiwa marekebisho, mnazorushiana kwa sababu zinaonyesha ujumbe uliofutwa au zinaficha kwamba umesoma, hazikutengenezwa na wenye WhatsApp. Mazungumzo yako yote, na ya kila anayekuandikia, umeyaweka mikononi mwa mtu usiyemjua jina wala nchi, na wenye WhatsApp wana haki ya kukufungia. Faili la programu lililotumwa na rafiki au lililofuatana na linki ya "mwaliko wa harusi" lisifunguliwe. Simu ya Android yenyewe hukuonya kabla ya kuweka programu ya nje ya duka lake. Onyo hilo halikuwekwa kwa mapambo. Na programu yoyote, hata ya tochi, ikiomba ruhusa ya huduma za ufikivu, simama. Ruhusa hiyo iliwekwa kwa ajili ya watu wasioona na wenye ulemavu mwingine, na anayeipata anaweza kusoma kilicho kwenye kioo na kubonyeza badala yako, ikiwa ni pamoja na kwenye programu ya benki. Zile programu za "kusafisha simu" na "kuua virusi" ambazo hutokea zenyewe zikipiga kelele kwamba simu ina virusi kumi na tatu, mimi huziondoa zote ninapoletewa simu, na sijaona simu iliyodhurika kwa kuzikosa.

Za mikopo zinahitaji kauli yake. Mwezi Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza majukwaa na programu 69 za mikopo ya mtandaoni zilizokuwa zikifanya kazi bila ya leseni. Wengi walifikiri tatizo ni riba tu, na riba kwetu ni tatizo tosha. Lakini ukitazama kwa macho ya usalama, rehani ya mkopo huo ilikuwa ni orodha ya majina iliyomo ndani ya simu. Programu inaomba ruhusa ya kusoma majina yako, unakubali kwa sababu una shida, na siku ukichelewa kulipa, mkweo, imamu wa msikiti wenu na mwalimu wa mtoto wako wanapata ujumbe kwamba wewe ni mdaiwa. Katika kisiwa ambacho sote tunajuana, aibu ya namna hiyo humtoa mtu mjini. Kabla ya kugusa neno "ruhusu", jiulize programu hii ina haja gani na jina la mkweo.

Nilisema nitawagusa wale mafundi wa ng'ambo. Mwezi Mei 2019 WhatsApp walitangaza kwamba kulikuwa na tundu katika programu yao lililomwezesha mtu kupandikiza programu ya upelelezi kwa kupiga simu tu, hata kama aliyepigiwa hakupokea. Watu waliolengwa walikuwa kama 1,400, na miongoni mwao walikuwamo wanahabari na watetezi wa haki za binadamu. Adabu ya hodi haimsaidii mtu hapo. Kilichosaidia ni toleo jipya la programu lililoziba tundu. Ndiyo maana nasisitiza masasisho, pamoja na kujua kwamba yanakula bando. Mimi huyafanya usiku kwa bando la usiku, au kwenye Wi-Fi ya skuli. Ukinunua simu, mpya au ya mkono wa pili, ingia kwenye mipangilio, sehemu ya kuhusu simu, utazame tarehe ya kiraka cha usalama cha mwisho, yaani sasisho la kuziba matundu. Ikiwa ni ya miaka mitatu nyuma na simu haileti kipya, simu hiyo inafaa kwa redio na kwa kusikiliza mawaidha. Pesa usiziweke humo. Wi-Fi za hotelini na mikahawani, ambazo watu huziogopa mno, mimi naziogopa kwa kiasi, kwa kuwa mawasiliano mengi siku hizi husafiri yakiwa yamefumbwa, ila mambo ya benki nayafanya kwa bando langu.

Kufunga kioo kila mtu anakujua, lakini tazameni mnavyokufanya. Mchoro wa herufi Z unaonekana kwenye mafuta ya kidole ukiiegemeza simu kwenye mwanga. Nambari ya siri ya pesa ina tarakimu nne, na katika nyumba yetu watu wazima watatu walikuwa wametumia mwaka wa kuzaliwa, mwaka ambao uko kwenye kitambulisho kilichowekwa nyuma ya ganda la simu hiyo hiyo. Kwa fundi, usiiache simu ikiwa wazi ukaenda sokoni. Baki pale mpaka amalize, au kama ni kazi ya siku nzima, toa laini na kadi ya picha uondoke navyo. Baadhi ya simu mpya zina hali ya matengenezo inayoficha vitu vyako wakati fundi anafanya kazi. Nasema hili kwa ajili ya dada zetu hasa. Picha zilizopigwa ndani ya nyumba, watu wakiwa hawana buibui, zimewahi kusambaa kutoka kwenye meza ya fundi, na hakuna nambari ya kubonyeza inayozirudisha.

Mama mdogo alikaa siku mbili za mwanzo bila ya kutaka kuonana na mtu. Hapo ndipo tulipopoteza zaidi, kwa sababu mmoja kati ya wale wanne alituma pesa siku ya pili, wakati sisi tulikuwa bado tunaona haya kutangaza. Ingelikuwa leo, ningelitangaza kwenye makundi yote dakika ile ile kwa simu yangu. Ujumbe wa utapeli tungeliupeleka 15040, nambari ya kuripoti utapeli wa simu, na tungelikwenda kituo cha polisi bila ya kusitasita, kwa kuwa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inatumika Zanzibar kama inavyotumika Bara. Tulikwenda, lakini baada ya wiki. Pesa za watu wanne, mama mdogo amezilipa mwenyewe kidogo kidogo kutokana na mgao wake wa kikundi, ingawa hakuna hata mmoja aliyemdai.

Mwezi uliopita simu yake ilitumbukia kwenye ndoo ya maji. Akanipigia kwa simu ya jirani, nambari nisiyoijua, akaniomba nimtumie shilingi 20,000 za fundi. Sauti ilikuwa yake, na mimi nikaona haya, haya ile ile, mama yangu mdogo aliyenilea. Nikamuuliza kisima cha kwa bibi kilikuwa chini ya mti gani. Akanyamaza kidogo, akanijibu sawasawa, kisha akasema, "Na wewe nijibu: siku ya kwanza ulipokwenda chuoni ulivaa kanzu ya nani?" Nikamwambia ilikuwa ya kaka, na kwamba aliipunguza mikono yeye mwenyewe usiku wa kuamkia siku hiyo.